Nimeuziwa maporomoko ya Morisi, nimepelekwa korongo kavu la Mpwapwa

Wakuu, poleni na majukumu.

Sijawahi kufungua uzi wa malalamiko humu. Huwa nasoma vya wenzangu, nacheka, napita. Leo zamu yangu. Nimeingizwa mjini, tena mji ninaokaa, mchana kweupe, nikiwa na mke na watoto wawili, na aliyenifanyia hivyo mpaka leo ananiita "bosi".

Iko hivi. Mwishoni mwa Septemba kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu hapa Dodoma, jamaa mmoja mwenye kampuni ya safari alirusha tangazo. Matembezi ya asili kwenda kwenye maporomoko ya maji, familia yako peke yenu, mwongozaji wenu binafsi, chakula cha asili cha Kigogo, maji ya kunywa bila kikomo. Chini ya maneno kuna picha. Wakuu, ile picha! Maji yanashuka kwa mikondo miwili kutoka kwenye ukuta wa jiwe jeusi, yanaangukia bwawa la mviringo, na pembeni msitu wa kijani mpaka unatamani kuulamba. Nikauliza ni wapi. Akajibu: "Mpwapwa bosi, milima ya Kiboriani. Watu wa Dodoma mmekalia utajiri hamjui."

Najua mnachotaka kusema. Mimi nimehamia huku 2017 na wizara, kwa hiyo siwezi kujifanya mgeni. Najua mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja tu, inaanza Desemba na kukata Aprili, na wastani wa mwaka mzima ni milimita mia sita hivi. Najua mito ya huku ni ya mchanga. Mto Kinyasungwe wenyewe, ambao wakati wa mvua umewahi kuifumua reli kule kati ya Kilosa na Gulwe, ukipita kiangazi unakuta watu wanachimba mchanga kutafuta maji ya mbuzi. Yote hayo nayajua. Ndiyo maana nilimuuliza swali moja la maana: "Kaka, Oktoba hii maji yapo kweli?"

Akanitumia sauti. Ninayo mpaka sasa. Anasema: "Bosi, hayo maji hayajawahi kukauka tangu enzi za Mjerumani."

Basi na mimi nikayeyuka. Mjerumani kweli alikuwa na kituo Mpwapwa, milima kweli ipo na ina msitu, na Oktoba ilikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Mke wangu ni wa Marangu. Amekua akioga kwenye mito inayotoka Kilimanjaro, maporomoko ya Kinukamori kwao ni kama bomba la jirani, na tangu aje Dodoma kila kiangazi analalamika kwamba nimemleta kwenye tanuri. Nikasema safari hii namfunga mdomo.

Bei: laki nne na themanini kwa watu wanne. Nusu kwanza, nusu siku ya safari. Nilimuuliza kwa nini namba ya kulipia inaleta jina la mtu na siyo la kampuni, akasema akaunti ya kampuni "iko kwenye maboresho". Hapo kosa langu, nakiri, msinirudie.

Siku yenyewe, Jumamosi, tuliambiwa tuwe tayari saa 12 asubuhi. Saa 2 na nusu ndiyo gari linapiga honi nje. Nimetoka na begi, nakuta Coaster. Ndani watu kumi na wanne. Wengine wamelala, wengine wana spika kubwa inapiga muziki mpaka vioo vinatetemeka.

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia ndugu yangu, mimi nimelipia safari ya familia yangu peke yake. Akanitazama kwa huruma kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa darasa la pili. "Bosi, usafiri ndiyo wa pamoja. Matembezi ndiyo binafsi."

Watoto walishavaa viatu vyao vipya. Mke wangu ananiangalia. Ungefanya nini? Nikatoa nusu iliyobaki, nikapanda.

Njia siielezei sana. Chamwino, Mbande, tukakata kuelekea Kongwa, vumbi kwa madirisha. Ila tulipofika Kongwa nilicheka peke yangu. Hapo ndipo Waingereza walipokuja mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, maelfu ya ekari, bila kukaa chini na Wagogo wakawauliza mvua hapa inanyesha lini na kiasi gani. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua haikuja walivyotaka, na 1951 mradi ukazikwa na hela zote. Nikasema hapa ndiyo kwao, kila anayekuja na picha nzuri ya kijani kichwani Kongwa inamnyoosha. Sikujua mimi ndiye nilikuwa naenda kunyooshwa.

Mpwapwa tumefika saa 6 mchana, jua la utosi. Mwongozaji wetu "binafsi" alikuwa akitusubiri kijiweni: kijana wa bodaboda, ndala miguuni, ameajiriwa asubuhi ile ile. Hana ugomvi na mimi, maana naye kaahidiwa elfu kumi na tano na sina uhakika kama aliipata. Hana sanduku la huduma ya kwanza, hana kamba, hana filimbi. Mimi nina mtoto wa miaka saba. Nilipomuuliza ni mwendo wa saa ngapi akasema, "Siyo mbali mkubwa, ni hapo tu." Ukikaa vijijini unajua "hapo tu" ni nini.

Na ile "matembezi ndiyo binafsi" iliishia pale pale. Tuliondoka kumi na wanane wote kwa mstari mmoja, spika mbele. Matembezi ya asili yenye amapiano! Ndege gani atakaa? Mwanangu wa miaka kumi na moja alibeba daftari la kuchora ndege, alirudi amechora spika.

Tulipofika kwenye mpaka wa msitu tukakutana na mlinzi, mtu mstaarabu kabisa, akauliza kibali. Msitu wa hifadhi huingii tu kama sokoni, unaomba, unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa, unatembea na risiti yako. Mwongozaji akampigia mwenye kampuni. Mwenye kampuni akasema mzungukeni. Mzungukeni! Yaani hela ya kibali tumelipa ndani ya ile laki nne na themanini (imeandikwa kwenye tangazo, "vibali vyote vimejumuishwa"), halafu tunafundishwa kumkwepa mlinzi na watoto wetu. Wazee wachache tulikataa, ikabidi tushuke chini, tufuate korongo la nje ya msitu.

Tumetembea saa mbili nzima kwenye korongo lile. Migunga inakuvuta shati, mawe yanaunguza, maji ya kunywa "bila kikomo" yalikuwa chupa ndogo moja kwa kila kichwa na ziliisha kabla ya nusu ya njia. Mke wangu hakusema neno. Wanaume mliooa mnajua ukimya ule.

Kisha mwongozaji akasimama, akageuka, akanyoosha mkono: "Tumefika."

Wakuu, sijui niandikeje. Mbele yetu kulikuwa na jiwe. Ukuta wa jiwe kama ghorofa mbili hivi, na katikati yake mstari mweusi kutoka juu hadi chini, kama chozi lililokauka kwenye shavu la mtoto. Chini yake shimo lenye majani makavu, kinyesi cha mbuzi na kopo la mafuta ya kula lililotobolewa. Hakuna tone. Nikagusa ule mstari mweusi kwa kidole: kavu, wa moto.

Hata wale wa spika walizima muziki.

Mke wangu ndiye aliyeongea wa kwanza. "Baba watoto, hapa maji yanapita, au yalipita?"

Mwongozaji akampigia mwenye kampuni, akaweka sauti nje, na hapo ndipo nilisikia sentensi ambayo nitakufa nayo: "Waambie poromoko lipo, si wanaliona? Ni maji tu ndiyo hayajaja."

Poromoko lipo, ni maji tu ndiyo hayajaja! Nenda mgahawani uagize chai, uletewe kikombe, uambiwe chai ipo, ni chai tu ndiyo haijaja.

Akatokea mzee mmoja wa Kigogo na mbuzi wake, amejifunga shuka, fimbo mabegani. Tukamsalimu, "Mbukwenyi, mzee", akaitikia vizuri, akatuangalia tulivyokaa chini ya mbuyu tumechoka kama wakimbizi. Nikamwuliza, baba, haya maji hukauka lini? Akasema, "Mwanangu, maji mje mwezi wa pili, wa tatu. Hapa hata mtoto usingeweza kumsimamisha, yangemchukua. Sasa hivi mmefuata nini?" Sikuwa na jibu. Amewahi kuulizwa na hiyo kampuni? Hajawahi. Mtu anakaa mita mia mbili kutoka hapo na anajua kila mwezi wa korongo lile, hakuna aliyemtafuta hata kumnunulia tumbaku. Yule ndiye aliyestahili kuwa mwongozaji na kulipwa.

Chakula cha asili cha Kigogo kilikuwa chipsi kuku za baridi kwenye mfuko. Mlenda hata wa kunusa hamna. Nyumbani tumeingia saa 5 usiku, mdogo amebebwa, ana malengelenge visigino vyote viwili.

Jumapili nikaanza kudai hela yangu kistaarabu. Sikudai yote. Nilisema nauli na mafuta nakuachia, nirudishie laki tatu, maana umeniuzia mambo manne, faragha, kibali, mwongozaji na maji, na hakuna hata moja nililolipata. Majibu yake kwa mfululizo: kwanza "asili haina ratiba bosi". Halafu "mbona wengine hawajalalamika". Halafu "mlipiga picha, mlifurahi, nimeona status ya shemeji". Shemeji gani? Mke wangu aliweka picha ya kile kisigino! Baada ya hapo tiki zinageuka buluu na hakuna neno.

Jumatatu ofisini nikamwonyesha kijana mmoja wa kitengo chetu ile picha ya tangazo. Akaitafuta mtandaoni kwa sekunde chache tu, akaniletea simu. Hayo ni maporomoko ya Chamarel. Yako Morisi. Kisiwani, katikati ya Bahari ya Hindi! Yana urefu wa karibu mita 100, yako kusini-magharibi mwa kisiwa, na kule kwao upepo wa bahari unagonga milima na kuiachia mvua, ndiyo maana pako kijani vile. Kitengo kizima kilicheka mpaka bosi akatoka. Sasa naitwa Mzee wa Morisi.

Niweke wazi: sina shida na Mpwapwa. Mpwapwa ni pazuri na ile milima ina heshima yake. Mtu angeniambia "kaka, Oktoba hakuna maji, ila njoo nikutembeze milimani, uone mibuyu, upige hodi kwa wazee, ule mlenda, bei elfu themanini", ningelipa na kurudi mwaka kesho Februari kuona maji. Kinachoniuma ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia na mtu anayejua kabisa gunia lina mawe. Mkazi wa Dodoma kutojua Oktoba ni kiangazi? Haiwezekani. Alijua. Alihesabu tu kwamba mimi ni mhamiaji wa serikali, nina hamu ya kijani, na nitalipa.

Nimeanza kufuatilia. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka anayefanya biashara hii awe na leseni, ile iliyozoeleka kwa jina la TALA, na waongozaji nao wawe na leseni zao. Nimemwomba anitumie nakala ya TALA yake mara tatu. Mara ya tatu amenitumia picha ya cheti cha kuzaliwa kampuni, ule usajili wa jina la biashara. Nimeshaandika barua kwa Tume ya Ushindani kuhusu tangazo la uongo, nimeambatanisha ile sauti ya Mjerumani, tangazo, miamala yote miwili na picha ya jiwe. Anayejua utaratibu wa kupeleka shauri dogo la madai mahakama ya mwanzo hapa Dodoma aniandikie, nataka kujua gharama na kama naweza kwenda bila wakili.

Na wale kumi na wanne wa kwenye Coaster, kama kuna aliyemo humu, jitokeze. Wewe wa spika pia, nimekusamehe, nahitaji shahidi.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Ameona uzi, kuna mtu kamtumia. Amenirushia elfu ishirini kwenye simu na ujumbe: "Bosi hiyo ya soda ya watoto, ufute." Sijaigusa. Nimeupiga picha huo ujumbe nao, unaingia kwenye barua kesho asubuhi.