Makala ya redio kuhusu pesa za simu, nianzie wapi watu wasizime?

mdau_wa_masafa:
Habari zenu wakuu. Nipo redio ya jamii huku Nyanda za Juu Kusini, nimepewa nusu saa kwa wiki ya sayansi na teknolojia, sio habari, makala kabisa, mambo haya yanavyobadilisha maisha ya watu. Ya kwanza nataka iwe ya pesa za kwenye simu. Shida yangu makala nyingi za aina hii mtangazaji anasoma karatasi, anakuja mtaalamu anaongea weee, muziki, kwaheri. Mama yangu mwenyewe anahamisha stesheni anatafuta taarabu. Nyie wasikilizaji wazuri nini kinawafanya mbaki? Bosi anataka nianze na Graham Bell na simu ya kwanza 😂

Kifuniko:
Bell muache apumzike. M-Pesa yenyewe ina kisa kitamu ambacho wengi hawakijui. Ilipoanza kujaribiwa Kenya 2005, kwa sehemu ya hela za msaada wa serikali ya Uingereza, lengo halikuwa kutumiana pesa, ilikuwa ni watu warudishe mikopo midogo kwa simu. Sasa waliopewa kujaribu wakaanza mambo yao, huyu anamlipia mwenzie deni ili naye afanyiwe kitu, yule anasafiri na hataki kutembea na keshi basi anaweka huku anatoa akifika kule. Ndo wakubwa wakashtuka kwamba kumbe watu wanataka kitu kingine, ikazinduliwa Machi 2007 kama huduma ya kutuma hela, na huku Bongo ikaingia 2008. Mi ningefungua na yule msafiri, yupo kwenye basi hana shilingi mfukoni na hana wasiwasi.

mamaZai:
Tafuta 13 Minutes to the Moon ya BBC World Service, ilitoka 2019, mtangazaji ni Kevin Fong ambaye ni daktari kabisa. Ni kushuka kwa Apollo 11 mwezini, mwisho wake dunia nzima inaujua, lakini unakaa roho juu kwa sababu wamekuachia sauti zenyewe za wale vijana wa Houston waliokuwa wanaongoza safari, alamu ya kompyuta ya chombo, namba 1202, inalia na unasikia mtu anatafuta jibu hapohapo. Kompyuta ilizidiwa kazi, ila programu yake ilikuwa imepangwa iache vitu vidogo ishike cha muhimu, ndo wakashuka salama. Na memori ya ile kompyuta ilifumwa kwa mkono na wanawake kiwandani, waya ukipita ndani ya kiduara kidogo cha sumaku ni moja, ukipita nje ni sifuri. Mi si mtu wa kompyuta lakini hapo nikaelewa, hakuna profesa angenielewesha hivo.

Mzee Masafa Mafupi:
Wanangu, hiyo ni BBC, ina mafungu. Kwetu kinachoshika ni mchezo wa redio. Twende na Wakati ilianza Radio Tanzania 1993, mambo ya uzazi wa mpango na UKIMWI, na watafiti wakafanya kitu cha ajabu, mpaka 1995 Dodoma hawakurushiwa ule mchezo, makusudi, ili walinganishe. Na kweli kwingine matumizi ya uzazi wa mpango yakapanda kuizidi Dodoma. Sasa nitajie makala ya mtaalamu kuongea iliyowahi kupimwa namna hiyo ikafaulu.

Kifuniko:
Shikamoo mzee, lakini mchezo unataka waigizaji na mwandishi kila wiki, huyu yupo peke yake na rekoda. Halafu kwenye pesa za simu watu halisi ni zaidi ya mchezo, mtu alivyoibiwa na meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" akikusimulia mwenyewe hutaki muigizaji.

fundi_mitambo_88:
Naongezea ya kiufundi. Kaa kwa wakala asubuhi kabla hujamhoji mtu yeyote, rekodi tu. Mteja anataja namba moja moja, wakala anarudia huku anaandika kwenye daftari, kimya kidogo, meseji inaingia, mteja anasema "imeingia". Hiyo ndo fungua makala yako, kabla hata hujasema jina lako. ILA namba za watu zifute kwenye kuediti, usije ukazirusha hewani!! Rekodi na dakika moja ya pale dukani bila mtu kuongea, itakuokoa kwenye kuunganisha. Na usiulize "unaionaje huduma hii" maana watakujibu "ni nzuri inatusaidia", uliza "ile siku ilikuwaje". Zile tozo za miamala za 2021 usiziache, muulize wakala foleni yake ilikuwaje wiki ile, hapo utapata siasa, uchumi na teknolojia kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye kibanda.

mdau_wa_masafa:
Dah asanteni sana wakuu, mzee shikamoo. Kwa wakala naenda Jumatatu, siku ya gulio. Mama Zai hiyo ya mwezini naidaunlodi usiku bando likiwa rahisi. Swali moja kwa fundi, maiki yangu inashika upepo vibaya na kibanda kipo barabarani, sponji sina, nifunge nini?

fundi_mitambo_88:
Soksi safi ya pamba, mbili kama upepo mkali. Na uupe upepo mgongo.

mamaZai:
Safi ndo neno muhimu hapo 😅