TYCS (umoja wa wanafunzi Wakatoliki Tanzania) kuwahudumia wazee: tuanzie wapi?

Mlezi wa TYCS: Tumsifu Yesu Kristo. Kwaresima hii wanafunzi 30 watafanya usafi kwa wazee wanaoishi peke yao. Tuanzie wapi?

Katekista: Milele amina, mwalimu. Anzia kwa wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo za waumini; wao wanajua mzee gani hana mtu. Barua ya ruhusa kwa wazazi itangulie wiki mbili. Wagawe watano watano, kila kundi na mtu mzima wake. Umati humshtua mzee. Na tafadhali, asipigwe picha.

Muuguzi: Chooni vaeni glavu ngumu na viatu vya kufunika. Sugueni kwa sabuni kwanza, suuzeni, ndipo mmwage klorini: dawa ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji vipimo 6, iache dakika 10. Uchafu ukibaki, klorini huishiwa nguvu. Kamwe msiichanganye na tindikali ya kusafishia choo. Hutoa gesi inayochoma mapafu.

Mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania): Mzee aulizwe kwanza anachotaka. Wengi wanahitaji kuchotewa maji na kupasuliwa kuni kuliko kufagiliwa. Halafu mrudi kila mwezi, hata Pasaka ikishapita. Wakizoea sauti za watoto halafu zikakatika, wanaumia sana.