Nyuma ya pikipiki ya tairi nne haibonyei, mayai yananivunjikia

Mama Kuku wa Kimbiji
Habari za jioni wakuu. Nafuga kuku wa mayai huku Kimbiji, Kigamboni. Nimenunua pikipiki ya tairi nne iliyotumika, kwa mtu aliyekuwa akibebea barafu na samaki ufukweni. Injini sina neno nayo. Shida ni nyuma, haibonyei. Kutoka bandani hadi barabarani ni mchanga, kisha mizizi ya minazi, kisha makorongo yaliyochimbwa na masika. Kila mzizi naupata kiunoni, na trei za chini ndizo zinaumia. Nimetandika sponji chini ya trei: mayai yamepata nafuu, mgongo haujapata. Na mzigo si mkubwa, trei 10 hazifiki kilo 25.

Fundi wa jirani anasema shokapu zimekufa, niende Kariakoo nikanunue mpya. Kabla sijatoa hela nauliza, kuna namna ya kulegeza? Kila tairi ya nyuma ina shokapu yake, springi iko nje, na penye mwisho wa springi kuna ringi yenye ngazi ngazi.

Boda wa Tandika
Pole dada. Usinunue kwanza. Hiyo ringi hata kwenye boda ipo, mimi naizungusha mwenyewe nikipata mzigo mzito. Aliyekuuzia alikuwa anabeba barafu, lazima aliikaza hadi mwisho.

Fundi Mbagala
Mama, huyo wa Tandika amesema kweli. Shokapu iliyovuja oili inakuacha unadundadunda, haikazi. Ikikaza bila kuvuja, labda chuma chake cha katikati kimepinda, na hilo utaliona kwa macho.

Ila kabla ya springi niambie upepo unajazia wapi. Tairi hizi si za gari. Nyingi zinataka psi (kipimo cha upepo) 4 hadi 7 tu, kipimo chake kiko kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye madigadi au karibu na kiti. Ukipita kwa fundi tairi aliyezoea daladala atakupa 25 kwa nia njema kabisa, na hapo hata shokapu mpya hazitakusaidia, maana tairi ndiyo inayomeza mizizi midogo. Tafuta geji ya upepo mdogo, inayoishia psi 10 au 15, ujazie kwa pampu ya baiskeli.

Sasa springi. Kuikaza hakuifanyi iwe nene zaidi. Kunanyanyua nyuma, na springi inakataa kubonyea mpaka ipate mzigo unaoizidi. Kwa barafu ilikuwa sawa, kwa mayai hapana. Pima hivi: inua nyuma kwa jeki mpaka tairi zining'inie, pima kutoka katikati ya nati ya ekseli kwenda juu hadi kwenye keria. Shusha, pakia trei zako, kaa mwenyewe, itingishe kidogo, mtu mwingine apime palepale. Tairi ikiwa na nafasi ya kupanda na kushuka sentimita 20, tofauti ya kama 6 ndiyo nzuri. Ukipata 2, imekazwa mno.

Kulegeza, inua tena, zungusha ringi kwa spana ya ndoano ngazi moja moja, kushoto na kulia ziwe sawa. Halafu jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi: bushi za mikono ya nyuma, yaani viungio vya vyuma vinavyoshika tairi kwenye fremu. Chombo kilichoishi na maji ya chumvi hushika kutu humo ndani. Fungua bolti ya chini ya shokapu, nyanyua mkono na tairi yake. Mkono ukipanda na kushuka bila kukwama, bushi ni nzima. Mkono ukigoma, huo ndio ugumu wako, na unataka grisi au bushi mpya.

Mama Kuku wa Kimbiji
Kaka Fundi, Mungu akubariki. Kibandiko kinasema psi 5, nyuma zilikuwa na 22! Nimepunguza, na tofauti nimeisikia kabla sijafika getini. Vipimo: zikining'inia 61, nikikaa na trei 59. Ringi zote zilikuwa ngazi ya 5, ya mwisho. Ya kushoto nimeishusha hadi ya 2. Mkono wa kushoto unapanda vizuri. Kulia ringi imeganda kwa kutu, haizunguki, na kijana wangu ameshashika nyundo na patasi.

Fundi Mbagala
Mwambie aweke nyundo chini. Ringi ikipasuka ndipo utakaponunua shokapu kwa lazima. Sugua kutu na mchanga wote kwa brashi ya waya, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke, kisha pulizia oili ya kulegeza kutu, ilale nayo usiku kucha. Asubuhi, tairi zikiwa zinaning'inia, itingishe kwanza kidogo huku na huku, ndipo uishushe. Mpaka hapo ya kushoto irudishe ya 5, usiendeshe upande mmoja ukiwa laini na mwingine mgumu, kwenye kona ya mchanga itakuvuta. Zikikubali zote, anza na 3, upime tena. Siku ya kubeba magunia ya pumba utazipandisha.