Siga imeniangusha: kosa ni langu au la msokotaji?

Wakuu, naombeni ushauri.

Shemeji aliniletea siga tano za Nikaragua, saizi ya robusto, yaani urefu inchi 5 na unene 50 (50/64 ya inchi). Kwa macho hazina kasoro: jani la nje kahawia iliyokolea, lina mng'ao wa mafuta, mishipa haionekani. Jana nikawasha ya kwanza barazani.

Yaani ilikuwa kama kunyonya uji mzito kwa mrija. Nilipoibonyezabonyeza, karibu na pete (ile karatasi ya nembo) nikakuta kifundo kigumu, ila upande wa kuwashia ni laini kama sifongo. Ikaungua upande mmoja, nikairekebisha kwa kiberiti cha gesi mara tatu. Jivu likaniangukia kwenye suruali kabla halijafika hata sentimita moja. Ladha? Mwanzo pilipili manga, nikafurahi. Kufika katikati, chungu kama mwarobaini, na harufu ya amonia kama banda la kuku.

Amonia najua ni dalili ya tumbaku changa, isiyochachuka vya kutosha. Ila na mimi nilizitupia kabatini wiki mbili, na Dar hii ya masika mnaijua. Unyevu ukipita asilimia 70 siga huvimba na kuziba. Halafu nilivuta harakaharaka, mvua ilikuwa inakuja.

Zimebaki nne. Nizipumzishe kwenye chombo chenye pakiti za unyevu wa asilimia 65 kwa miezi mingapi? Au kifundo kile hakitibiki, nitafute tu sindano ya kutobolea?