Chuma cha kwenye jua kimehesabiwaje elektroni?

FundiMbaraki: Salaam aleikum jamani. Mie kazi yangu kuchomelea vyuma, Mbaraki. Kijana wangu wa kidato cha nne kaniambia ati chuma kilichoko kwenye korona ya jua, ile gesi ya moto inayolizunguka, kimevuliwa elektroni 13 katika 26 zake. Nikamuuliza nani alipanda huko akazihesabu, akaguna tu. Na kama kuna maabara inayokipika chuma hivyo, moto wake ni wa namna gani? Mie nakiyeyusha mpaka kinatiririka na muujiza huo sijauona.

Maalim_Kizingo: Waaleikum salaam fundi. Hazikuhesabiwa, zilisomwa kwenye mwanga. Kila elementi hutoa mistari yake ya rangi mwanga wake ukitawanywa. Jua lilipopatwa mwaka 1869 ulionekana kwenye korona mstari wa kijani usio wa elementi yoyote iliyojulikana, watu wakazua elementi mpya, koronium. Ilingoja mpaka karibu 1940, Mjerumani Grotrian aliposhuku chuma na Msweden Edlén akathibitisha kuwa ni chuma kilichovuliwa elektroni 13.

Maabara hawatumii moto. Wana mtambo uitwao EBIT, mtego wa atomi zilizovuliwa elektroni. Wa kwanza ulijengwa Livermore, California, miaka ya 1980. Hewa hunyonywa yote, mkondo wa elektroni hubanwa na sumaku ukawa mwembamba kuliko unywele, na atomi za chuma hunaswa humo zikigongwa. Kinachoamua ni volti. Elektroni ya 13 hung'oka ukifika kama 361, ya 14 yataka kama 392. Weka katikati hapo, chuma hakivuki hali ile ya kwenye jua, nawe unapima mwanga wake kwa nafasi.

FundiMbaraki: Maalim ngoja. Karakana ina fezi tatu, volti 415. Mbona changu hakivuliwi?

Maalim_Kizingo: Hilo ndilo swali! Ukishawasha, kati ya rodi na chuma hubaki volti ishirini na kitu, thelathini. Tena hewa ya pale imesongamana: elektroni haijashika kasi ishagonga kitu, nguvu zimekwisha. Kwenye EBIT haina wa kuizuia njiani. Cheche yako ni digrii maelfu, fundi, korona ni zaidi ya milioni.

BintiTudor: Niongeze. Ioni, yaani atomi iliyovuliwa elektroni, ikiwa imevuliwa sana na ikapita karibu na atomi nzima huipokonya elektroni, na elektroni hiyo ikishuka ngazi hutoa eksirei. Ndivyo nyotamkia Hyakutake, donge la barafu na vumbi, ilivyoonekana kwa eksirei mwaka 1996. Ioni za upepo wa jua, chembe zinazotiririka kutoka juani, zilikuwa zikiipora gesi yake. (Na setilaiti ya kwanza ya kupima eksirei za angani, Uhuru, ilirushwa 1970 kutoka jukwaa la baharini Ngomeni, hapo Malindi tu. Shuleni hatukuambiwa!)

Mwaka 2014 kukatangazwa mstari wa ajabu wa eksirei kutoka kundi la galaksi la Perseus, nishati yake karibu na elektroni-volti 3,500. Wengine wakarukia maada ya giza, ile isiyoonekana ila uvutano wake hujulikana. Wataalamu wa Heidelberg wakatia salfa kwenye EBIT, wakaivua elektroni zote 16, wakaiacha ipokonye. Ikatoa mwanga karibu na pale pale. Ubishi haujaisha, ila mimi niko upande wa salfa.