Mtangazaji kakata gitaa la Hotel California, eti "mwimbaji keshamaliza, tunasubiri nini?"

Gitaa Kavu:

Wakuu, naandika huku vidole vinatetemeka. Chakula kiko mezani kimepoa, sikitaki. Mke wangu ameshaniuliza nani amefariki.

Wote mnamjua, sitahangaika kumtaja. Yule wa kipindi cha jioni, saa ile ya foleni, anayecheka utani wake kabla hajaumaliza. Leo kaja na heshima zake, kasema anatupigia "kitu cha wakubwa", akaweka Hotel California ya Eagles, ile bendi ya Marekani. Nikasema leo kaguswa. Nikapandisha sauti mpaka konda wa daladala ya pembeni akaacha kuita abiria. Beti zikaenda, kiitikio kikaenda, Don Henley akamaliza mstari wake wa mwisho, ngoma zikapita, gitaa la Don Felder likaingia, likavuta uzi wa kwanza...

AKAKATA.

Akaingia na ile sauti yake: "Haya, mwimbaji keshamaliza, tunasubiri nini?" Kisha tangazo la kubeti.

Mwimbaji keshamaliza, tunasubiri nini! TUNASUBIRI GITAA, bwana wee! Watu milioni 61 tuliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani ya ile studio wa kumshika mkono? Mtu wa hivi ukimpa fainali atazima runinga dakika ya tisini ikiisha sare, eti mpira umekwisha, penalti za nini.

Ule wimbo una dakika sita na nusu. Kuimba kunaishia dakika ya nne na kidogo. Zinazobaki, zaidi ya mbili, ni za Felder na Joe Walsh: mmoja anatoa neno, mwenzake anajibu, mpaka mwisho wanashikana wanashuka pamoja. Hayo magitaa ndiyo yanayotuambia yule msafiri yamempata nini. Ukikata pale umemwacha mtu mlangoni na begi lake.

Na mnajua walivyoihangaikia? Felder alikuwa ameirekodi kwenye kanda nyumbani kwake, pwani ya Malibu. Walipoingia studio Miami, yeye na Walsh wakaanza kupiga yanayowajia kichwani. Henley akawasimamisha, anataka vilevile ilivyo kwenye kanda. Kanda iko California! Felder akapiga simu nyumbani, dada wa kazi akaitafuta, akaiweka kwenye redio na kusogeza mkono wa simu pale, Felder akasikilizia kutoka upande wa pili wa Marekani. Dada wa kazi wa mwaka 1976 alijua thamani ya lile gitaa, mtangazaji mwenye kipaza sauti mwaka huu anauliza tunasubiri nini.

Halafu baada ya tangazo akapiga kimoja cha hizi za juzi. Kiitikio kimeanza kabla sijashusha mkono kwenye kitufe. Sauti imepitishwa kwenye Auto-Tune mpaka hujui anayeimba ana furaha au ana mafua. Mdundo uleule wa mwanzo ndio wa mwisho, hakuna kupanda, hakuna kushuka, hakuna pa kuvuta pumzi. Dakika mbili, kwisha. Na HUO hakuukata!

Muziki wa zamani ulikuwa na subira na msikilizaji. Led Zeppelin mwaka 1971, kwenye Stairway to Heaven, John Bonham anakaa kimya zaidi ya dakika nne ndipo anagusa ngoma. Zikiingia nywele zinasimama, kwa sababu umezingoja. Pink Floyd kwenye Shine On You Crazy Diamond wanapiga zaidi ya dakika nane mtu hajafungua mdomo. Kwa jamaa yetu wimbo huo hauna hata mwanzo, mwimbaji hajafika!

Mwimbaji keshamaliza. Yaani bado nasikia ile sauti.

Kibaigwa Boy:

Chakula kama kimepoa sisi wengine tunakula hivyohivyo. Elekeza nyumba.

Mama Nasra:

Sasa kakosea nini? Mwimbaji si kweli alikuwa keshamaliza?

Gitaa Kavu:

Mama Nasra naomba usinitafute ubaya usiku huu.

Dogo Mabibo:

Wazee mnachosha. Kila mwaka uzi huuhuu, muziki ulikufa siku mlipoota mvi. Mnalia nyimbo fupi, tukileta amapiano ya Sauzi, dakika sita, saba, mwimbaji anaingia anapotaka, mnasema ndefu hazina maneno. Amueni. Na hao miungu yenu Led Zeppelin walishtakiwa na mwanabluzi Willie Dixon kwa wimbo wao Whole Lotta Love wakamalizana nje ya mahakama, siku hizi jina lake limo kwenye orodha ya watunzi. Msituletee utakatifu.

Gitaa Kavu:

Sijasema watakatifu. Nimesema gitaa lisikatwe. Ulisikia alivyosema? "Tunasubiri nini"!

Dogo Mabibo:

Tumesikia mkuu, umeandika mara sita. Na hiyo solo yenu, hilo gitaa la peke yake lisiloguswa, Bill Szymczyk aliyeirekodi amesema mwenyewe kwamba mkanda mkuu wa wimbo ule uliungwa vipande zaidi ya thelathini. Wembe na gundi! Yeye alikata kabla ya huyu wa jioni.

Kibaigwa Boy:

Hahahaa mwenye uzi kanyamaza, kaenda kupasha chakula.

Gitaa Kavu:

Niko hapa. Alikata AKAUNGA. Huyu kakata akaweka tangazo la kubeti.

Fundi Redio:

Nimekaa na mashine za sauti muda mrefu, niongeze kidogo. Tatizo la nyimbo mpya si ufupi tu. Zinabanwa. Sehemu ya kunong'ona inapandishwa ifikie sehemu ya kupiga kelele, ili wimbo usionekane mdogo ukifuatana na mwingine. Mwaka 2008 Metallica walitoa Death Magnetic, mashabiki wakagundua nyimbo zilezile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zina sauti safi kuliko kwenye sidii waliyonunua. Mwaka 2012 watafiti wa Hispania wakachapisha kwenye jarida la Scientific Reports, walipitia rekodi za kuanzia miaka ya 1950, wakaona aina za milio zinapungua na ukubwa wa sauti unaongezeka. Ndiyo maana mtoa mada anasema hakuna pa kuvuta pumzi. Hapajaachwa.

Na kiitikio kuanza mapema kina hesabu yake. Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, haihesabu kusikilizwa mpaka zipite sekunde 30. Prodyuza gani atakaa dakika nne bila ngoma?

Sebene Halikatwi:

Poleni wazungu weusi. Mnalilia dakika mbili za gitaa, sisi watu wa Franco wa Kongo tufanyeje? TPOK Jazz, bendi yake, wanaimba taratibu, wanakuandaa, wanakuandaa, sebene, yaani magitaa ya kuchezea, linataka kuingia, umeshasimama na umemshika mwenzio mkono, DJ anabadilisha wimbo! Kila baa. Kila wikiendi. Miaka yote mnatuona tumesimama katikati ya ukumbi mikono hewani, hakuna aliyetufungulia uzi.

Mzee wa Ukumbini:

Wewe unaenda baa gani? Harusini ni kinyume chake. Wanaruka maneno yote wanapiga sebene tupu, saa nzima, kamati inarusha kanga na wazee hatujui wimbo ulikuwa unasema nini. Mario ya Franco ya mwaka 1985 ni kisa kizima cha kijana anayelelewa na mama mwenye pesa zake. Watoto wa leo wanaijua kwa magitaa tu.

Sebene Halikatwi:

Kwa hiyo unalalamika wamepiga sebene?? Wasimamizi mpo?

Bi Mkubwa wa Malindi:

Mkiwa mnagombana na magitaa yenu, mtoto wa Unguja hamjamtaja. Freddie Mercury kazaliwa hapa Mji Mkongwe mwaka 1946, Farrokh Bulsara, wakaondoka kwenda Uingereza mwaka 1964. Bohemian Rhapsody, wimbo wake na bendi yake ya Queen, ni karibu dakika sita, na mwaka 1975 waliambiwa redio hazitaupiga, mrefu mno. Kenny Everett wa Capital Radio ya London akaupiga na kuurudia wikiendi nzima, watu wakamiminika madukani kuuliza santuri ambayo haijatoka. Ukakaa nambari moja kwao wiki tisa. Mtangazaji huyo!

Gitaa Kavu:

Ahsante Bi Mkubwa! Ahsante sana! Mtangazaji mmoja anapewa wimbo mrefu anaupigania, mwingine anapewa wimbo ambao dunia nzima imeshaukubali, umeshapata tuzo ya Grammy, kazi yake ni kukaa kimya dakika mbili TU, kimya hakina gharama, anashindwa, anauliza tunasubiri nini.

Bi Mkubwa wa Malindi:

Sijamaliza mwanangu. Nyie mna kilio cha solo moja, mie taarabu imenifia mikononi. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha hapa kwetu, kipo tangu mwaka 1905. Nimewahi kukaa karibu na mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, nikaona ncha zile alizovaa vidoleni zinavyogusa nyuzi, fidla zinamfuata nyuma, mwimbaji kakaa tu anangoja zamu yake bila haraka. Leo unaalikwa "taarabu" unakuta kinanda kimoja na mtu wa kubonyeza, kinatoa fidla, kinatoa filimbi, kinatoa kila kitu. Na spika mbele ya uso. Na mipasho mpaka unamwonea haya mwenye harusi.

Mama Nasra:

Mipasho iacheni. Mipasho ndiyo inayotutoa nyumbani.

Bi Mkubwa wa Malindi:

Nishaona wewe ni wa upande gani.

Kapiri Mposhi:

Mnavyodai roki ni ya wazungu weusi mnawakosea majirani. Zambia miaka ya 1970 vijana walikuwa na bendi za roki kwelikweli, WITCH, Amanaz, magitaa yana mkwaruzo mzito na wanaimba kwa lugha zao vilevile. Nimeisikia kwa mjomba wangu Nakonde upande wa pili wa mpaka wetu wa Tunduma. Dogo Mabibo tafuta usikilize kabla hujatukana wazee.

Dogo Mabibo:

Nimesikiliza WITCH sasa hivi. Hii ngoma kali aisee. Lakini bado amapiano.

Mzee wa Ukumbini:

Tuliopo kwenye harusi tunateswa zaidi na washereheshaji. Kakodishwa aseme "karibuni chakula", anahutubia. Nimewahi kushuhudia bibi harusi anasinzia.

Fundi Redio:

Washereheshaji na mikrofoni zao wanazozifunika kwa kiganja, halafu spika ikilia wanamgeukia fundi. Kamwe usifunike kichwa cha mikrofoni! Hapo ndipo panapoleta ule mlio. Nimewaambia mpaka nimechoka.

Sebene Halikatwi:

Na wanaodai chakula kwanza ndipo muziki.

Kibaigwa Boy:

Chakula kwanza ni haki.

Gitaa Kavu:

Jamani turudi kwenye mada. Kuna aliyerekodi kile kipindi? Nataka niandike barua kwa uongozi wa redio, niweke na dakika alipokata.

Mama Nasra:

Ile saa nilikuwa naye hewani, nilipiga simu kuomba wimbo wa mipasho. Kaniambia kesho.

Mzee wa Ukumbini:

Fundi, hiyo mikrofoni isiyo na waya inafika mita ngapi? Ukumbi wetu una nguzo katikati.

Fundi Redio:

Nguzo si tatizo kubwa, tatizo ni mahali unapoweka kipokezi. Kiinue juu ya vichwa vya watu, kisikae nyuma ya spika. Na betri mpya kila shughuli, usibahatishe.

Sebene Halikatwi:

Wakuu, nani ana nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz zenye sauti safi? Zote ninazopata ni za kunyonya kutoka kanda iliyokunjika, gitaa linayumba. Nataka zilizotolewa kwenye santuri.

Kapiri Mposhi:

Ninazo chache. Njoo inboksi.

Bi Mkubwa wa Malindi:

Nami nije?

Kapiri Mposhi:

Njoo Bi Mkubwa. Usije na Dogo.