MREJESHO: Magofu matatu ya Allgäu kwa siku moja

Wakuu, niliuliza kama magofu ya ngome za Eisenberg, Hohenfreyberg na Falkenstein, kule Allgäu, eneo la Bavaria (Ujerumani) chini ya milima ya Alps, yanaweza kutembelewa yote kwa siku moja. Mbili za kwanza, ndiyo. Falkenstein ipe siku yake.

Kutoka kijiji cha Zell hadi juu kwenye hizo mbili ni kama nusu saa kwa mguu. Eisenberg na Hohenfreyberg zimekaa vilima jirani, zote juu ya mita 1,000, na kati yake ni mwendo wa dakika chache tu. Msiharakishe Hohenfreyberg: ilijengwa 1418 hadi 1432, wakati mizinga ilikwishaanza kuzifanya ngome za mlimani zipitwe na wakati. Ni ubishi wa mawe, kwa kweli. Na ngome hizi mbili hazikubomolewa na adui. Mwaka 1646, Vita vya Miaka Thelathini vikikaribia mwisho, Watiroli (watu wa Tirol, eneo jirani la Austria) walizichoma wenyewe ili adui asizitumie.

Falkenstein, juu ya mji mdogo wa Pfronten, iko kama mita 1,268. Mfalme Ludwig II wa Bavaria aliinunua miaka ya 1880 ajenge kasri jipya. Alipofariki 1886, kilichokuwa tayari ni barabara na bomba la maji.

Kinachoharibu safari ni mvua ya jana. Mizizi na mawe ya chokaa huteleza hata jua likiwaka, maana msituni hapakauki upesi. Vaeni buti zenye soli ya meno, na msipande kuta: chokaa ya zamani humeguka. Vuli, ukungu ukijaa bondeni, subirini hadi karibu adhuhuri.